Tupime jasho la wanariadha kabla ya kuwanywesha chumvi

Usiku wa Septemba 27, 2019, yapata saa sita, wanawake 68 walianza mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia mjini Doha, Qatar. Ingawa jua lilikuwa limetua kitambo, joto lilizidi nyuzi 30 na hewa ilijaa unyevu. Waliofika utepeni walikuwa 40 pekee. Nishani ya dhahabu ilikuja Kenya, nasi tukashangilia. Wachache walijiuliza kilichowashinda wale 28.

Jasho huupoza mwili, lakini hutoka na maji pamoja na chumvi, hasa madini ya sodiamu. Kiasi cha madini hayo hutofautiana mno. Lita moja ya jasho la mtu mmoja yaweza kuwa na miligramu 200 za sodiamu. Ya mwingine, 1,500. Tuwachukue wakimbiaji wawili wanaotokwa na lita tatu kila mmoja. Wa kwanza atapoteza sodiamu iliyomo katika robo kijiko cha chai cha chumvi. Mwenzake, karibu vijiko viwili. Vidole vya mkono mmoja havilingani. Vipi basi wapewe chupa moja na ushauri mmoja?

Kipimo kipo, wala si miujiza. Hatua ya kwanza yahitaji mizani tu. Mwanariadha apimwe uzani kabla ya mazoezi, na apimwe tena baada ya kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, baada ya kujumlisha alichokunywa na kutoa mkojo. Hatua ya pili ni kubandika kitambaa cha kunyonya jasho kwenye kigasha, kisha kukipeleka maabara. Hapa pana tahadhari: jasho la kigasha kwa kawaida lina sodiamu nyingi kuliko wastani wa mwili mzima, hivyo hesabu sharti irekebishwe.

Mahali pa kupimia nako kuna uzito wake. Kipimo cha asubuhi yenye baridi kule Iten, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hakiwezi kutabiri ya Doha. Jasho likitoka kwa kasi, sodiamu huongezeka katika kila lita. Nao mwili uliozoea joto hujifunza kuihifadhi. Tunayo Pwani yetu. Mnamo Machi 24, 2007, katika mbio za nyika za dunia zilizoandaliwa Mombasa, joto hilo lilimtoa mashindanoni hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyeogopwa na wote.

Hata hivyo, tusije tukaruka majivu tukakanyaga moto. Katika marathoni ya Boston mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu. Kisa kikuu hakikuwa jasho, bali kunywa kupita kiasi: wengi wao walimaliza mbio wakiwa na uzani mkubwa kuliko walioanza nao. Maji yakizidi, sodiamu ya damu huzimuliwa, ubongo ukavimba, na mtu aweza kufa. Vinywaji vya michezo havikuwakinga. Kwa hiyo anayewauzia vijana wetu tembe za chumvi bila kuwapima jasho hana tofauti na mganga anayetoa dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Rai yetu ni kwamba kila mwanariadha wa timu ya taifa awe na kumbukumbu zake mwenyewe za jasho na sodiamu, zilizochukuliwa kwenye joto, kabla ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mizani na maabara havigharimu pakubwa kwa taifa lililojengewa jina na miguu ya vijana hawa. Jasho lao ndilo lililotuletea sifa. Tulistahi walau kwa kulipima.