KAZI YA KUHAKIKI WAOMBA MIKOPO

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule yetu ataka kazi gani akimaliza masomo, atakujibu udaktari, uhandisi au urubani. Sijapata kumsikia aliyejibu kwamba ataka kuhakiki waomba mikopo. Hata sokoni Igoma, afisa mikopo akipita na faili lake kwapani, watu hunong'onezana kwamba amekuja kudai. Kwa maoni yangu kazi hii yadharauliwa bure.

Wako wanaodhani kwamba kompyuta imekwisha kuimaliza. Ni kweli kwamba Benki Kuu ilitoa kanuni za kumbukumbu za wakopaji mwaka 2012, na ziko kampuni zenye leseni ya kutunza habari hizo. Benki huziuliza kama mwombaji ana deni mahali pengine, na kama ni mlipaji mzuri. Lakini mama auzaye dagaa, ambaye maisha yake yote amecheza upatu tu na wenziwe, kompyuta haimjui. Hapo yahitajika miguu. Mhakiki hana budi kufika kwenye meza yake zaidi ya mara moja, ahesabu magunia, atazame daftari la mauzo (kama lipo!), na kuwauliza majirani pasipo kumwaibisha. Tena ajue kwamba mwezi mpevu ukiwaka wavuvi wa dagaa hawapati kitu cha maana, basi rejesho la kila siku halimfai mama huyu.

Hesabu nayo yataka akili. Tuseme mtu akopeshwa Shs. 200,000/-, alipe 10,000/- kila siku kwa siku 26. Jumla ni 260,000/-. Wengi wetu tutasema riba ni asilimia 30, tukaridhika. Lakini fedha zile hakukaa nazo zote siku 26. Kila siku alirudisha sehemu, hata kwa wastani alibaki na kiasi cha nusu tu. Gharama yake hasa yakaribia asilimia 60, tena mwezi haujatimia! Mikopo ya namna hii ndiyo watu waliyoiita "kausha damu". Mwenye kuitoa hana haja ya mhakiki, maana macho yake yako kwenye friji na televisheni ya mkopaji.

Ndiyo sababu nasema mhakiki hodari humlinda mkopaji kuliko anavyoilinda benki. Lililo gumu kwake ni kumwambia mtu mzima kwa adabu, "Mama, laki mbili zitakuelemea, anza na laki moja," na kuisukuma kando bahasha akiletewa. Wazee wa Usukuma waliijua thamani ya mtu kama huyo. Kabla ya shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria kuundwa mwaka 1955, wakulima wa pamba waliweka wapimaji wao wenyewe waitazame mizani ya wanunuzi.

Nawaomba walimu wetu wa biashara watupeleke muhula ujao sokoni, na kwenye SACCOS yoyote itakayokubali, tukaone kazi hii ikifanywa. Soko li karibu, nauli haitahitajika.