Mafunzo ya walimu wakuu yapimwe kwa usalama wa mtoto

WAKATI wa likizo, walimu wakuu wengi na manaibu wao hurejea darasani wakiwa wanafunzi. Hufunzwa kutunza hesabu, kusimamia wafanyakazi, kuelekeza mtaala na kuwalinda watoto.

Swali ambalo wazazi wana haki ya kuuliza ni hili: je, mtoto aliye bwenini hulala salama zaidi kwa sababu mkuu wake ana stashahada ya uongozi?

Kenya si mgeni katika jambo hili. Taasisi ya kuwafunza wasimamizi wa elimu, KESI, iliundwa mwaka wa 1981 na baadaye ikapewa jina la KEMI. Kati ya 1996 na 2000, mradi wa PRISM uliofadhiliwa na Uingereza ulifikisha mafunzo hayo katika shule za msingi mashinani.

Haja ilikuwapo. Aghalabu mwalimu hupandishwa cheo kwa umahiri wake wa kufundisha, kisha ghafla akakabidhiwa vitabu vya hesabu, wapishi, walinzi na mamia ya watoto wa wenyewe.

Elimu ya bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, pesa zilizogawanywa katika akaunti mbili. Mwalimu mkuu alilazimika kujua jinsi ya kuteua wauzaji wa vitabu, kutunza risiti na kuwaeleza wazazi matumizi ya kila shilingi.

Hapo mafunzo yalikuwa na mashiko. Wizi haukukoma, lakini kulikuwa na kamati ya shule iliyouliza maswali na mkaguzi wa hesabu aliyeweza kubisha hodi wakati wowote. Aliyefunzwa alijua kwamba kazi yake ingekaguliwa.

Katika usalama wa watoto, hali ni tofauti. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yamewekwa vyuma. Mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda viachane kwa mita 1.2.

Hata hivyo, wasichana 10 walifariki kufuatia moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, mwaka wa 2017. Septemba 2024, wavulana 21 waliangamia katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Si haki kumbebesha mwalimu mkuu lawama ya kila moto. Huenda akajua fika kwamba bweni limefurika, ilhali sera ya kila mtahiniwa kujiunga na kidato cha kwanza, iliyotiliwa mkazo kuanzia 2018, ilimletea wanafunzi kabla ya kumletea pesa za kujenga. Kumfunza mtu wajibu na kumnyima uwezo wa kuutimiza ni kumtwika mzigo na kumfunga mikono.

Kasoro ya pili ni utengano. Mwalimu mkuu yuko chini ya Wizara ya Elimu na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilhali afisa wa watoto yuko chini ya wizara nyingine. Mtoto anayedhulumiwa nyumbani au na mwalimu huhitaji wote wawili. Waraka wa TSC wa 2010 kuhusu dhuluma za kimapenzi na Sheria ya Watoto ya 2022 zinawapa majukumu, lakini maandishi hayawafanyi wafahamiane.

Uingereza ilijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka wa 2000, Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane, aliuawa London baada ya idara kadhaa kukosa nafasi za kumwokoa. Sheria ya 2004 iliagiza kila halmashauri iwe na mkurugenzi mmoja wa huduma za watoto, elimu ikiwemo. Mnamo 2009, chuo cha kitaifa cha viongozi wa shule kilichokuwa Nottingham kikaongezewa jukumu la kuwafunza wakurugenzi hao. Hata hivyo, serikali ilibadilika, na mwaka wa 2013 chuo hicho kikaunganishwa na asasi nyingine.

Kenya inaweza kuchukua wazo hilo bila kujenga chuo kipya. Walimu wakuu na maafisa wa watoto wa kaunti ndogo moja wanaweza kufunzwa pamoja, wakitumia visa vya eneo lao. Mwaka mmoja baadaye, mkaguzi azuru shule badala ya kuomba cheti: apime nafasi kati ya vitanda, ajaribu milango, na aulize malalamiko ya watoto yalipelekwa wapi. Shule za kibinafsi zisiachwe nje.

Gharama nayo isisukumiwe mwalimu. Mpango wa TSC uliozinduliwa 2021, wa kila mwalimu kulipa Sh6,000 kwa mwaka kugharimia mafunzo yake, ulizua upinzani mkali.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Wakuu wa shule wamefunzwa kuuona ufa. Sasa wapewe udongo wa kuuzibia, na awepo wa kurudi kuangalia kama umezibwa.