Hoki Nje ya Msimu: Wazazi Wananunua Nini?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo wa wahenga wafaa kukumbukwa kila ufikapo mwezi wa Machi katika miji ya Kanada na ya kaskazini ya Marekani, wakati ligi za watoto za hoki ya barafuni zinapomalizika. Kabla viatu vya kutelezea havijakauka, wazazi huanza kupokea barua na simu za kuwaalika watoto wao, wengine wakiwa na umri wa miaka saba au minane tu, wajiunge na timu za majira ya kuchipua na za kiangazi. Mtoto huambiwa kwamba amechaguliwa. Mzazi huambiwa kwamba nafasi ni chache na kwamba atakayesita atajuta. Kisha hutajwa ada.

Hoki inayozungumziwa hapa si ile ya nyasini, ambayo Tanzania iliicheza katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hii huchezwa juu ya barafu, kwa viatu vyenye vyuma chini yake, na kinachogombewa ni kisahani kigumu cha mpira. Kila upande huwa na wachezaji watano na mlinda mlango mmoja. Ni mchezo wenye gharama kubwa, kwa kuwa barafu ya ndani ya jengo hutengenezwa kwa mitambo inayokula umeme mchana na usiku, na mtoto hana budi kuvikwa kofia ngumu na kinga za mabega, viwiko na magoti ambazo humbana kila anapokua.

Uchunguzi wa Taasisi ya Aspen na Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba jamaa za Marekani zilitumia wastani wa dola 693 kwa mwaka kwa kila mtoto katika mchezo mmoja. Riadha iligharimu dola 191 tu. Hoki ya barafuni iliongoza michezo yote iliyochunguzwa, kwa dola 2,583. Ada za timu za nje ya msimu huja kutwikwa juu ya mzigo ambao tayari ni mzito.

Kwa hiyo swali la haki si kama hoki ni mchezo mzuri. Uzuri wake haubishaniwi. Swali ni kwamba, mzazi anapotoa fedha hizo mwezi wa Aprili, ananunua nini hasa, na je, hakiwezi kupatikana kwa bei nafuu zaidi?

Zichukuliwe timu mbili za mfano, kila moja ikiwa na watoto 17, yaani wachezaji 15 na walinda milango wawili. Timu ya kwanza inatoza ada ya dola 1,500, ina jezi mpya na jina la kujivunia, na inakwenda katika mashindano manne kwenye miji ya mbali. Kila safari inaigharimu jamaa dola 600 za petroli, hoteli na chakula. Jumla ni dola 3,900. Kwa fedha hizo timu inacheza michezo 20 na kufanya mazoezi saa 10. Lakini katika mchezo wa dakika 45, ni watoto watano tu kati ya 15 wanaokuwa uwanjani kwa wakati mmoja, na waliobaki wamekaa ubaoni. Kila mmoja anapata dakika 15 hivi. Michezo 20 inampa saa tano. Ukijumlisha na mazoezi, ni saa 15. Kila saa moja ya mtoto juu ya barafu imemgharimu mzazi dola 260.

Timu ya pili haisafiri. Inakodi uwanja wa mji wake kwa saa 20, kila saa dola 300, na kuwalipa makocha dola 60 kwa saa. Watoto wanagawanywa katika vikundi vidogo, wanacheza watatu kwa watatu katika sehemu ndogo ya uwanja, na hakuna anayekaa ubaoni kwa muda mrefu. Gharama yote, dola 7,200, ikigawanywa kwa watoto 17, kila mzazi analipa dola 424 hivi. Saa moja ya mtoto inagharimu dola 21. Hesabu hizo ni za mfano, na kila mji una bei zake. Lakini mzazi yeyote anaweza kuweka takwimu za timu yake mahali pa hizi, akaona mwenyewe tofauti hiyo inatokana na nini. Kwa sehemu kubwa inatokana na barabara na hoteli, wala si mafunzo.

Wapo watakaosema kwamba mashindano yanafundisha mambo ambayo mazoezi hayafundishi, na kwamba urafiki unaojengwa safarini hauna bei. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtoto anayetoka katika mji mdogo, ambako wakati wa baridi hapati wapinzani wa kumtosha, anaweza kufaidika sana akikutana na wenzake wenye uwezo. Kadhalika mtoto aliyepoteza msimu kwa kuumia anaweza kurudishiwa furaha yake katika miezi hiyo. Jamaa yenye uwezo ikitaka kusafiri pamoja na kushangilia, hakuna wa kuilaumu. Lakini safari na iitwe safari, na matembezi yaitwe matembezi. Ubaya unaanza pale matembezi yanapouzwa kwa jina la elimu, na mzazi asiye na uwezo anapoaminishwa kwamba amemnyima mwanawe maisha ya baadaye.

Maana kitu kinachouzwa kwa bei kubwa kuliko vyote katika biashara hii ni hofu ya kuachwa nyuma. Ligi kuu, iitwayo NHL, ina timu 32. Kila mwaka timu hizo huchagua vijana wapya kwa mizunguko saba, yaani nafasi 224, na nafasi hizo hugombewa na vijana wa Kanada, Marekani, Sweden, Finland, Urusi na nchi nyinginezo. Vyama vya hoki vya Kanada na Marekani, kila kimoja, vina wachezaji walioandikishwa zaidi ya nusu milioni, wakubwa kwa wadogo. Mbele ya hesabu hiyo, kikombe alichotwaa mtoto wa miaka minane katika mwezi wa Mei hakifupishi njia hata kwa hatua moja.

Wengine hujitetea kwa kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri kwamba kijana apumzike na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi isiyopungua mitatu kwa mwaka, mwezi mmoja mmoja, na kwamba kujifunga na mchezo mmoja tu kuahirishwe hadi umri wa miaka 15 au 16. Sababu zake ni majeraha yatokanayo na viungo kutumika mno kwa namna ile ile, pamoja na uchovu wa moyo unaowafanya vijana wauache mchezo kabisa. Wayne Gretzky, ambaye alistaafu mwaka 1999 akiwa na pointi 2,857 katika NHL, idadi ambayo bado haijafikiwa na yeyote, alijifunza kwenye barafu iliyotengenezwa na baba yake nyuma ya nyumba yao mjini Brantford. Barafu ile ilipoyeyuka alicheza besiboli na lakrosi. Hakuna aliyesema kwamba alipoteza muda.

Hata hivyo, haifai kuwalaumu wazazi peke yao. Hofu yao mara nyingine ina msingi. Pale ambapo kocha anayeendesha timu ya kulipia katika majira ya kuchipua ndiye anayechagua timu ya msimu wa baridi, mzazi anaona wazi kwamba kukataa ni hatari. Mtoto wa fundi au wa mfanyakazi wa usiku, mwenye kipaji kisichopungua cha wenzake, anajikuta nje kwa sababu baba yake hakuwa na dola elfu kadhaa za mwezi wa Aprili. Hapo mchezo unaacha kuwa wa wenye uwezo wa miguu, unakuwa wa wenye uwezo wa mfuko. Mtoto huyo akiondoka hapigi kelele, na kwa sababu hiyo hakuna anayemhesabu.

Dawa iko mikononi mwa vyama vya hoki vya mitaa. Yapasa viwakataze makocha kuchagua timu za msimu wa baridi iwapo wana maslahi katika timu za kulipia. Yapasa vifungue saa za barafu za bei nafuu kwa watoto wote wa eneo, katika wiki chache za majira hayo, kisha vifunge milango ili watoto wapumzike. Mfano wa kufikiri hivyo upo: mwaka 2009 chama cha USA Hockey kilianzisha mpango wa malezi ya wachezaji unaosisitiza mazoezi katika sehemu ndogo za uwanja, michezo michache zaidi kwa watoto, na kushiriki michezo mingine.

Wazazi nao wanao wajibu. Timu nyingi za nje ya msimu huendeshwa na watu binafsi, nazo zote haziko sawa. Kabla ya kutoa hata senti, mzazi adai maelezo kwa maandishi: watoto watakuwa wangapi, saa za barafu ni ngapi, kocha amepata mafunzo gani, anayelipa bima ni nani, na fedha zitarudishwaje mtoto akiumia. Anayeendesha timu kwa uaminifu hatakasirishwa na maswali hayo. Kisha lipo swali la mwisho, ambalo huulizwa nyumbani na si kwa kocha, nalo ni kumwuliza mtoto mwenyewe kama anataka kucheza. Akisema angependa kupanda baiskeli na wenzake hadi Septemba, jibu hilo lisikilizwe. Kiangazi cha utotoni hakirudishwi kwa fedha, wala hakuna mashindano yanayokitoa kuwa zawadi.