Pasaka ya Wayahudi Ina Wenyewe

Katika Marekani imeenea desturi ya vikundi vidogo vya Wakristo kukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, siku chache kabla ya Sikukuu ya Ufufuo, na kuandaa karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, iitwayo Seda. Mezani huwekwa mikate isiyotiwa chachu, mboga chungu na vikombe vinne vya divai, au maji ya zabibu kwa madhehebu yasiyokunywa. Kisha kiongozi hueleza kwamba mkate unaovunjwa pale ni mwili wa Kristo.

Nia yao si mbaya. Yesu alikuwa Myahudi, na asomaye Injili bila kuijua Pasaka husoma nusu tu. Lakini hapana budi kuuliza: karamu hiyo ni ya nani? Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake huziita sikukuu zote mbili Pasaka, huenda asione upesi uzito wa swali hilo.

Wengi wa Wakristo hao hudhani kwamba wanakula kama alivyokula Yesu. Sivyo. Zama zake, kiini cha Pasaka kilikuwa mwana-kondoo aliyechinjwa hekaluni Yerusalemu. Warumi walilibomoa hekalu hilo mwaka 70, na utaratibu wa Seda ukajengwa na marabi baada ya msiba huo. Umo katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200. Basi Seda ni kazi ya watu walionyang'anywa hekalu lao wakakataa kupotea. Si masalio ya Agano la Kale yaliyodondoka njiani ili yaokotwe na kila apitaye.

Tena iko damu katika habari hii. Kuanzia karne ya 13 ulienezwa Ulaya uongo kwamba Wayahudi huwaua watoto wa Kikristo ili watumie damu yao, na baadaye ikasemwa kuwa hutiwa katika mikate ya Pasaka. Majira ya sikukuu yakawa majira ya hofu. Huko Kishinev, Aprili 1903, uongo huo ulisaidia kuwasha ghasia zilizoanza siku yenyewe ya Ufufuo. Wayahudi zaidi ya 40 waliuawa. Mjukuu wa walionusurika aonapo mkate ule ule ukipewa maana ya Kikristo, je, ashangilie?

Maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliliona jambo hili. Katika mwongozo wao wa mwaka 1988 walionya kwamba Seda isibatizwe kwa kumaliziwa na masomo ya Agano Jipya.

Njia ya heshima ipo, wala si ngumu. Seda yenyewe huwakaribisha wenye njaa, na familia nyingi za Kiyahudi hupokea wageni usiku huo. Kikundi kitakacho kujifunza kingoje kualikwa, kiketi, kisikilize mwenye nyumba asomapo, kile mboga chungu kama kilivyopewa. Habari za mwili wa Kristo zina siku yake, Alhamisi Kuu, na zina meza yake kanisani.