AKIBA NAYO HUOZA

Akiba haiozi, walisema wahenga wetu. Lakini wao hawakuijua flashi.

Mtu wa pwani aliyehamia Gataka, kule bara ya Kajiado, huenda na sauti za kwao: mawaidha ya babu, Maulidi ya Lamu, taarabu ya harusi ya dada yake. Zamani zilikuwa katika kaseti. Leo zimo katika simu, au katika kidude kidogo kuliko kidole, kimetupwa ndani ya droo. Naye huona amekwisha kuhifadhi. Sisi twasema bado.

Kila chombo kina umri wake. Flashi hushika mambo kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo hupungua ikiachwa miaka bila kutumiwa. Diski ngumu yazunguka ndani, na mara nyingi huanza kuchoka baada ya miaka 3 hadi 5 ya kazi. Sidii ya kujirekodia ina rangi inayoharibiwa na jua na joto. Utepe wa sumaku wa kompyuta waweza kufika miaka 30 mahali pakavu penye ubaridi, ila mashine yake ni ghali. Tena chombo kizima kisicho na mashine ya kukisoma ni kama sanduku lililopotelewa na ufunguo.

Basi tuchague kipi? Tusitegemee kimoja. Sayyidna Uthman, Radhi za Allah ziwe juu yake, alipoinakilisha Misahafu hakuiweka yote Madina. Alipeleka nakala Kufa, Basra na Sham, na Qur'ani ikabaki pia vifuani mwa mahafidhi. Wataalamu wa kompyuta nao hushauri mfano wa hayo: nakala 3, vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mbali na nyumbani.

Tazameni Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kompyuta chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, na asili zikabaki Lamu. Oktoba 2023 wahalifu waliivamia mitambo ya maktaba hiyo, na huduma zake nyingi za intaneti zikalala kwa miezi. Aliyetegemea London peke yake alibaki kungoja. Karatasi za Lamu hazikudhurika na uvamizi huo.

Kwa hivyo twashauri ndugu wabadilishane amana. Nakala moja ikae Gataka, kwenye ubaridi, mbali na unyevu wa chumvi. Ya pili ikae pwani kwa jamaa, katika chombo cha aina nyingine. Ya tatu iwekwe kwenye intaneti. Kila mwaka, tuseme mwezi wa Shaabani, zifunguliwe zisikilizwe, na chombo kilichozeeka kibadilishwe kabla hakijafa. Na iandikwe kwa wino, juu ya karatasi, ni nani anayesema na ni mwaka gani.

Chombo kipya kitanunuliwa dukani. Mzee akishazikwa, sauti yake hairekodiwi tena.