Mbona Nauli ya Ndege Haishuki?

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Desemba, katika nyumba nyingi huzuka swali moja: tutakwendaje kumsalimu bibi? Baba hutaja basi, watoto hutaja ndege, na mama huchukua kalamu kupiga hesabu. Mara nyingi hesabu hiyo humkatisha tamaa.

Hebu tuanzie sokoni. Muuza nyanya hupunguza bei jioni ili zisimwozee. Kiti cha ndege nacho huoza: mlango ukishafungwa, kiti kitupu hakiuziki tena. Hata hivyo, siku ya safari ikikaribia, bei yake hupanda. Sababu ni kwamba anayenunua siku za mwisho mara nyingi ni mtu wa kazi, ambaye nauli yake hulipwa na ofisi. Huyo habishani juu ya bei. Mama mwenye watoto akichelewa, hunaswa katika wavu uliotegwa kwa ajili ya mtu wa ofisi.

Utaratibu huu ulishika kasi Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1978 kuziachia kampuni zijipangie nauli zenyewe. Viti vya ndege moja hugawanywa katika mafungu yenye bei mbalimbali. Fungu la bei ndogo likiisha, huuzwa la juu yake.

Wakati wa likizo mambo huwa mazito zaidi. Kampuni inajua kwamba mzazi amefungwa na ratiba ya shule, wala hawezi kuihamishia Krismasi mwezi wa Februari. Juu ya nauli kuna kodi na ushuru wa uwanja, ambao haupungui hata kampuni ikishusha bei yake. Na njia yenye kampuni chache haina ushindani. Tanzania ilionja ushindani huo Novemba 2012, fastjet ilipoanza kwa nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Mwishoni mwa 2018 ikaacha kuruka nchini.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, tukae na waume zetu mapema, mwezi wa Agosti au Septemba, tuamue safari wakati mafungu ya bei ndogo bado yapo. Pili, tuulize bei ya siku za katikati ya wiki, si Ijumaa na Jumapili tu.

Tatu, tuulize bei ya mtu mmoja kabla ya kuulizia familia nzima. Mkiwa watano, na fungu la bei ndogo limebakiwa na viti viwili, mara nyingi kompyuta huwaandikia nyote watano bei ya juu. Mnaweza kununua viwili kwa bei ndogo na vitatu kwa bei kubwa, mradi kila mtoto akatiwe tiketi pamoja na mtu mzima. Nne, mtoto asiyefikisha miaka miwili, akipakatwa, kwa kawaida hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Tuangalie tarehe ya kuzaliwa kabla ya kupanga tarehe ya safari.

Na kama hesabu bado inakataa, tupande basi bila kinyongo. Tukikopa kwa ajili ya safari ya siku kumi, Januari itatukuta tukidaiwa, na ada ya shule haijalipwa.