Tusiwasome kwa Pasipoti

Kitabu kipya kutoka Kanada kikifika mezani kwa mhakiki, mara nyingi husomwa kama fomu ya uhamiaji: mwandishi kazaliwa wapi, kakimbia nini, kaingia lini. Majibu yapo. Souvankham Thammavongsa alizaliwa mwaka 1978 katika kambi ya wakimbizi ya Nong Khai, Thailand, na wazazi kutoka Laos. Canisia Lubrin ni mzaliwa wa St. Lucia. Otoniya Juliane Okot Bitek, binti wa Okot p'Bitek, alizaliwa Kenya, wazazi wake wakiwa uhamishoni kutoka Uganda. Lakini anayeishia hapo kapata nusu ya maudhui, na fani hajaigusa.

Na utamu uko kwenye fani.

Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alitoa sheria ya kuwatawala watumwa wa makoloni yake, yenye vifungu 59. Lubrin, aliyekwisha jijengea jina katika ushairi, ameijibu kwa hadithi 59 katika *Code Noir* (2024). Mtunga sheria wa zamani aligawa vifungu. Lubrin amevichukua vifungu vilevile na kuvijaza watu, sauti, mizaha na mizimu. Mwaka 2025 kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Carol Shields, yenye thamani ya dola 150,000 za Marekani.

Thammavongsa naye kajibana ndani ya siku moja ya kazi. *Pick a Colour* (2025), riwaya yake ya kwanza baada ya vitabu vya mashairi na mkusanyiko wa hadithi fupi, inamfuata Ning, bondia mstaafu mwenye saluni ya kucha. Wahudumu wote wanaitwa Susan, kwa kuwa wateja hawajali. Mteja ananyoosha vidole akidhani yeye ndiye anayehudumiwa tu, kumbe anachambuliwa kuanzia viatu hadi ndoa yake. Riwaya hiyo ilimpa Thammavongsa Tuzo ya Giller kwa mara ya pili, baada ya ile ya 2020.

Okot Bitek, katika *100 Days* (2016), alifuata kalenda: shairi kwa kila siku ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Shairi la kumi likiisha, bado yapo tisini. Hesabu hiyo inamchosha msomaji kwa makusudi.

Aliyelelewa kwenye vina na mizani ana faida hapa, maana anajua kuwa ufundi wa mshairi huonekana pale anapobanwa. Vitabu hivi havina vina, ila kila kimoja kimejiwekea kipimo, na kipimo chenyewe kimetoka katika maisha ya watu: sheria, zamu ya kazi, kalenda ya vifo. Kwa hiyo anayedai kwamba asili ya mwandishi haiwezi kuwekwa kando ana haki. Asili hiyo imo ndani ya muundo. Wasifu wa jalada la nyuma hautoshi kuieleza.

Hata watoa tuzo wanahangaika na pasipoti. Tuzo ya ushairi ya Griffin ilikuwa na fungu la Wakanada na fungu la kimataifa, kila moja dola 65,000 za Kanada. Tangu 2023 yameunganishwa kuwa tuzo moja ya dola 130,000, na wapo waliolalamika kwamba washairi wa nyumbani wamenyang'anywa nafasi yao. Mshindi wa kwanza alikuwa Mmarekani, Roger Reeves. Mwaka uliofuata akashinda George McWhirter wa Vancouver, mzaliwa wa Belfast, kwa kufasiri mashairi ya Homero Aridjis wa Mexico. Atakayetaka kuugawa ushindi huo kwa bendera ana kazi.

Kwa wafasiri wa Kiswahili, *100 Days* ndipo pa kuanzia. *Wimbo wa Lawino* wa Okot p'Bitek, baba wa mshairi huyo, ulikwisha ingia Kiswahili kwa kalamu ya Paul Sozigwa, na Rwanda imekifanya Kiswahili lugha rasmi tangu 2017. Wasomaji wapo Kigali, Kampala na Dar es Salaam. Hatua inayofuata ni ya wachapishaji, kuomba haki za tafsiri na kumlipa mfasiri anayejua ushairi.